Siku Zangu Zilipopotea, Nikadhani Nimekuwa Mwanariadha

(Mazungumzo haya niliyatoa kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, Jumamosi moja baada ya michezo ya shule yao. Nimeyaandika upya ili na wewe msomaji uyapate.)

 

Mwalimu wenu amenitambulisha kama mtaalamu wa afya. Ni kweli nilisomea afya ya jamii chuoni, na kazi yangu ni kuzunguka mashuleni kuzungumza na vijana. Lakini leo sikuja na chati wala bango. Nimekuja na daftari. Hili hapa, kaunta buku la kwaya tatu, pembe zote zimechakaa. Tangu mwaka 2019 nimekuwa nikiandika humu kila siku ninayokimbia: kilomita ngapi, muda gani, nimejisikiaje.

Nisije nikakudanganya, mimi si bingwa. Sijawahi kupanda jukwaa la zawadi na sidhani kama nitapanda. Ni mkimbiaji wa kawaida, wa kuamka alfajiri, akimaliza anaoga anawahi daladala. Ila kila mwaka ukiisha huwa nakaa chini nalisoma daftari hili tangu mwanzo. Na kila nikifika kurasa za mwaka 2022, naona aibu. Basi leo nimeamua kukusomea hizo kurasa zenye aibu, kwa sababu naamini kuna mmoja wenu hapa yuko kwenye kurasa hizo hivi sasa, na hajamwambia mtu.

RABA ZA MTUMBA

Nilianza mbio nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, Dar es Salaam. Nilikuwa nakaa kwa mama mdogo. Raba zangu zilikuwa za mtumba, moja imelika upande wa kisigino. Ukurasa wa kwanza wa daftari unasema hivi: "Desemba 3, 2019. Nimekimbia dakika 4, nikatembea, nikakimbia 3. Kifua kinawaka moto. Sirudi tena." Ukurasa wa pili: "Desemba 5. Nimerudi."

Kwa nini nilirudi? Sijui kukueleza vizuri. Labda ni kwa sababu ile asubuhi nzima nilikuwa na furaha isiyo na sababu. Anayekimbia ananielewa.

Mwanzoni mwa 2020 nikaenda Moshi na wenzangu wa chuo. Kwa asiyejua, Kilimanjaro Marathoni imekuwa ikifanyika pale Moshi tangu mwaka 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kuna mbio kamili za kilomita 42.2, kuna nusu marathoni ya kilomita 21.1, na kuna kilomita 5 za kujifurahisha ambazo hata bibi na mjukuu wanaingia. Mimi niliingia hizo za bibi na mjukuu. Nilitumia dakika 41, nusu ya njia nikitembea. Nikapewa medali, nikalala nayo shingoni.

Machi hiyohiyo vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona. Nikarudi nyumbani Muheza. Huko nilikimbia njia za mashambani katikati ya michungwa, polepole, bila saa, watoto wa jirani wakinifuata peku na kunipita. Nikiangalia sasa, ile ndiyo ilikuwa shule nzuri kuliko zote. Nilikimbia kwa mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako bila kuhema. Nikichoka napumzika. Nikiona njaa nakula. Mwaka 2021 nikarudi Moshi, nikakimbia nusu marathoni yangu ya kwanza. Pale njia inapanda kuelekea Mweka, katikati ya migomba na kahawa, unapanda unapanda mpaka unajiuliza nani alikutuma, halafu ndipo unageuza na kushuka. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 24. Nililia mstarini, machozi ya raha.

"PUNGUZA KILO, UTARUKA"

Mwaka huohuo wa 2021 nikajiunga na kikundi kimoja cha jogingi mtaani. Mnavijua, vya kuvaa fulana za rangi moja na kuimba alfajiri Jumapili. Watu wazuri sana. Kulikuwa na kaka mmoja aliyekuwa akitupangia mazoezi. Hakuwa amesomea ukocha, alikuwa anajitolea tu, na alitupenda kweli. Siku moja akaniambia:

"Dada, pumzi unayo. Tatizo lako mzigo. Kila kilo uliyonayo unaibeba kilomita 21. Punguza kilo, utaruka."

Sitakutajia nilikuwa na kilo ngapi. Najua nikikutajia utakwenda kujilinganisha, na kilo zangu hazikuhusu. Itoshe kusema nilikuwa msichana wa kawaida, mwenye afya, na hakuna daktari aliyewahi kuniambia ninenepe wala nipungue.

Basi nikapunguza. Kwanza niliacha vitumbua, nikaona sawa. Kisha nikaacha wali wa usiku. Kisha nikawa narudi mazoezini nakunywa chai ya rangi peke yake, naingia darasani. Mama mdogo akiuliza, najibu nimekula chuoni. Nikiwa chuoni, rafiki zangu nawaambia nimekula nyumbani.

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo hatulisemi mara nyingi: mwanzoni ilifanya kazi! Mwanzoni mwa 2022 nilirudi Moshi nikamaliza kwa saa 2 na dakika 2. Dakika 22 chini ya mwaka uliopita! Kila mtu alinisifia. "Jamani umepungua, umependeza! Umekuwa mwanariadha kabisa!" Ukisifiwa hivyo utaacha? Mimi sikuacha. Niliongeza. Kilomita zikaongezeka, chakula kikazidi kupungua.

NYOTA NYEKUNDU

Katika daftari langu nina mazoea ya kuchora nyota ndogo nyekundu siku hedhi inapoanza. Ukipekua utaziona, kila mwezi nyota moja. Machi 2022 ipo. Aprili ipo. Mei haipo. Juni haipo. Tarehe 28 Juni nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Mwezi wa pili bila siku zangu. Raha! Hakuna pedi, hakuna tumbo kuuma. Mwili umekubali mazoezi."

Nilimuuliza dada mmoja wa kikundi chetu. Akacheka, akasema, "Kawaida hiyo. Wakimbiaji ndivyo tulivyo." Nikaamini, maana nilitaka kuamini.

Mama mdogo hakuamini. Yeye ndiye aliyekuwa ananinunulia pedi. Siku moja mwezi wa saba akanikuta jikoni naosha vyombo, akafunga mlango.

"Mwanangu, kaa hapa."

Nikakaa.

"Lile pakiti la mwezi wa tano bado halijafunguliwa. Niambie ukweli, sitakupiga wala sitampigia mama yako leo."

"Mama mdogo, sina kitu. Ni mbio tu."

"Mbio? Mbio gani hizo zinazofunga siku za mwanamke?"

Nilikasirika sana. Nilijua sijalala na mwanamume yeyote. Nikaenda duka la dawa, nikanunua kipimo cha mimba, nikapima, nikamwekea mezani mbele ya chai yake. Mstari mmoja. Hakuna mimba. Mama mdogo akakiangalia, akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi. Nisamehe mwanangu." Nikamsamehe. Tukala, yaani yeye akala, mimi nikazungusha kijiko. Yakaisha.

Msomaji, yakaisha! Hapo ndipo nataka utazame kwa makini. Kipimo kilijibu swali la mama mdogo. Hakikujibu swali la mwili wangu. Tulikuwa tumeogopa kitu kimoja tu, na kilipoondoka tukadhani hakuna tatizo. Lakini nyota zilikuwa bado hazijarudi, na hakuna aliyeuliza tena: kama si mimba, ni nini?

NILIVYOMTUMIA VIBAYA MZEE AKHWARI

Septemba mguu wa kushoto ukaanza kuuma, hapa mbele kwenye muundi. Mwanzoni uliuma nikimaliza kukimbia. Baadaye ukauma nikianza. Baadaye ukauma hata nikipanda ngazi za chuo. Ukigusa, kuna sehemu moja ndogo kama ncha ya kidole, ukiibonyeza unaona nyota mchana. Nikawa napaka dawa ya kuchua, nafunga bandeji, nameza vidonge vya maumivu, naendelea.

Unajua nilikuwa najiambia nini? Nilikuwa najiambia: kumbuka Akhwari.

Mnamjua Mzee John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Mwaka 1968 alikwenda Mexico City kukimbia marathoni ya Olimpiki. Njiani akaanguka, goti likaumia vibaya. Hakuacha. Aliingia uwanjani na bandeji mguuni, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, jua limeshazama, watu wachache wamebaki, akamaliza akiwa wa mwisho. Dunia nzima inamkumbuka kuliko wengi waliopata medali.

Basi Oktoba 2022 nikaingia kwenye mbio za kilomita 21. Kilomita ya 13 kitu kikalia ndani ya mguu. Ningeweza kukaa pembeni nikasubiri gari. Nikajiambia, Akhwari. Kilomita nane nikachechemea, watu wananipigia makofi, mimi najiona shujaa. Nilipovuka mstari sikuweza kukanyaga chini. Walinibeba.

Leo nikifikiri naona nilimtumia mzee wetu vibaya. Yeye aliumia siku moja, mbele ya watu, katika mbio za maisha yake, akiwa amevaa jina la nchi. Kisha alipona, akafanya mazoezi, na mwaka 1970 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh akamaliza marathoni akiwa wa tano. Mimi nilikuwa mgonjwa kwa miezi sita, nikaficha, kisha nikaiita hali ile ushujaa. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi namshukuru Mungu niliumbuliwa na mfupa tu.

SWALI LA NESI

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Ndivyo zilivyo nyufa hizi za mfupa, katika wiki za mwanzo zinaweza kujificha. Lakini pale kulikuwa na nesi mtu mzima, miwani puani, akaniuliza:

"Binti, mara ya mwisho umepata siku zako lini?"

"Aprili. Lakini nimeshapima, sina mimba."

"Sijakuuliza mimba. Jana umekula nini?"

Nikanyamaza. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo akasubiri jibu. Nikaanza kuhesabu: chai ya rangi, nusu chapati, kachumbari, ndizi moja.

"Na jana umekimbia?"

"Kilomita 21, mama."

Akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "huo mguu utapona. Lakini mguu ndio uliopiga kelele tu. Mgonjwa ni wewe mzima."

Baada ya wiki tatu eksirei ya pili ikaonyesha ufa wenyewe. Nikaagizwa kutembelea magongo na nisikimbie mpaka niambiwe. Mwezi wa kumi na moja nilihitimu chuo. Kwenye picha ya mahafali nina joho, nina kofia, na nina gongo moja kwapani.

MWILI UNAVYOTUMIA LUKU

Sasa daktari alinieleza hivi, na mimi nakueleza wewe kwa mfano wa nyumbani.

Umeme wa LUKU ukibaki uniti chache na hela hakuna, mnafanyaje? Mnazima pasi, mnazima friji, mnazima redio. Mnabakiza taa moja ya sebuleni. Nyumba haijafa, lakini nyama ndani ya friji inaanza kuoza polepole.

Na mwili ndivyo unavyofanya. Chakula ndicho LUKU. Ukikimbia sana na kula kidogo, mwili unaona uniti zimekwisha. Moyo, mapafu na ubongo haviwezi kuzimwa. Basi unazima vinavyoweza kusubiri. Hedhi ni ya kwanza kwanza kuzimwa, kwa sababu mwili unajiambia: huyu hana chakula chake mwenyewe, ataweza kubeba mtoto? Hedhi ikizimwa, homoni inayoitwa estrojeni inapungua. Na estrojeni ndiyo inayosaidia kulinda mifupa ya msichana. Kwa hiyo mfupa unadhoofika kimyakimya, huku wewe unaupiga chini maelfu ya mara kila asubuhi. Siku moja unapata ufa.

Na kwenu ninyi wa sekondari hatari ni kubwa zaidi kuliko kwangu. Sehemu kubwa sana ya mfupa utakaouishi maisha yako yote inajengwa kabla hujafika miaka 20. Ni kama akiba ya benki: sasa hivi unaweka, ukiwa mzee utatoa. Ukiacha kuweka sasa, huko mbele utatoa nini?

Wavulana, msicheke. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu hali hii na kueleza wazi kwamba wanaume nao wanaipata. Ninyi hamna nyota nyekundu za kuwaonya. Homoni zenu zinashuka, mnachoka bila sababu, mnaumwa mafua kila mara, mifupa inapata nyufa, na hakuna anayehisi kitu.

MWAKA BILA MBIO

Mwaka 2023 daftari langu halina kilomita. Lina chakula. Nesi yule aliniambia niandike nilichokula kama nilivyokuwa naandika mbio, na kwa mara ya kwanza niliona ninavyojidanganya.

Mama mdogo alichukua kazi hiyo kama ya kwake. Aliniambia, "Nilikuuliza swali moja, nikaenda kulala. Safari hii silali." Kila alfajiri nilikuta uji wa ulezi wenye karanga ndani ya chupa ya chai. Mchana maharage au dagaa, wale wa kutafunwa mzima na mifupa yake, maana humo ndimo kuna kalsiamu. Mchicha au matembele kwa ajili ya madini ya chuma, na ndimu juu yake ili mwili uyapokee vizuri. Chai akaisogeza mbali na chakula, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Ukiangalia, hakuna hata kimoja hapo cha bei ya juu wala cha dukani kwa wazungu.

Usidhani ilikuwa rahisi. Nilinenepa kidogo, na watu walewale walionisifia wakasema, "Umejiachia." Nililia chooni. Siku nyingine nilitamani kurudia chai ya rangi. Kama na wewe chakula kimekuwa adui yako, ukikila unajichukia, ujue huo ni ugonjwa unaotibika, na haupaswi kupambana nao peke yako.

Halafu tarehe 9 Mei 2023, nyota nyekundu. Nilimwamsha mama mdogo. Alipiga kigelegele saa kumi na moja alfajiri, majirani wakadhani kuna harusi.

Nilianza tena kukimbia taratibu: dakika 4 kukimbia, dakika kadhaa kutembea, kama msichana wa raba za mtumba. Mwaka 2024 nikarudi Moshi, saa 2 na dakika 11. Mwaka 2025, saa 2 na dakika 4. Mpaka leo sijaivunja ile saa 2 na dakika 2 ya mwaka wa njaa. Inaniuma kidogo, nisikufiche. Lakini mwaka 2022 nilikimbia mbio mbili nikavunjika. Tangu nirudi sijakosa mwezi hata mmoja, wa mbio wala wa nyota.

Nilimtafuta na yule kaka wa kikundi, nikamweleza yote. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema na yeye aliambiwa hivyohivyo alipokuwa kijana. Siku hizi akipanga mazoezi anauliza kwanza, "Nani hajala?"

Septemba 2025 tulikaa na mama mdogo kutazama Alphonce Simbu akishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo, Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika riadha. Alimpita mwenzake mstarini kabisa, hata jicho halikuona. Mama mdogo akauliza, "Huyu naye si mwembamba?" Nikamwambia ndiyo, mwembamba. Lakini mwaka 2017 alipata shaba London, na dhahabu ikamjia miaka minane baadaye. Mwili wa njaa haudumu miaka minane. Na dada yetu Magdalena Shauri, aliyekuwa wa tatu kwenye marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, hakufika pale kwa kuzungusha kijiko sahanini.

MASWALI MLIYONIULIZA

"Dada, nikikosa hedhi mwezi mmoja ndiyo tayari ninaumwa?"

Hapana. Katika miaka ya mwanzo ya kuvunja ungo hedhi huruka mara kwa mara. Lakini ikiwa ilikuwa inakuja vizuri kisha ikakosekana miezi mitatu mfululizo, nenda kituo cha afya. Pia kama umefika miaka 15 na hujawahi kuona kabisa, nenda. Na kama umewahi kukutana kimwili na mwanamume, jambo la kwanza kabisa ni kupima mimba, usisubiri miezi mitatu.

"Je, ambaye haoni hedhi kwa sababu ya mazoezi hawezi kushika mimba?"

Anaweza! Yai linaweza kutoka kabla hedhi haijarudi, na wewe hujui. Wengi wamedanganyika hapo.

"Naogopa kwenda kwa sababu watasema nina mimba."

Najua. Mimi pia nilikasirika. Nenda na mtu unayemwamini: mama, shangazi, dada, mwalimu wa malezi. Pima, jibu lipatikane. Kama mimba ipo, tangu Novemba 2021 serikali yetu ilitangaza kuwa mwanafunzi aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, kwa hiyo maisha hayajaisha. Kama haipo, usiondoke. Uliza swali la pili: kama si mimba, ni nini?

"Sisi tuko bweni, chakula hatuchagui. Tufanyeje?"

Kula kile kilichopo, na ushibe. Usiruke uji wa asubuhi. Kuwa na karanga au ndizi mbivu ya kula kabla na baada ya mazoezi. Siku ambayo chakula kimekuwa kidogo, punguza mazoezi. Mwambie mwalimu wa michezo bila woga: leo sijala vya kutosha.

"Maumivu ya kawaida na ya hatari nitayajuaje?"

Misuli kuuma miguu yote miwili kesho yake ni kawaida, inapita. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa, unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayozidi kila siku na kukuuma hata ukitembea, hayo simama. Usiyafunike kwa vidonge. Nenda hospitali.

KUMBUKA

Chakula ni sehemu ya mazoezi. Kupumzika ni sehemu ya mazoezi. Ongeza kilomita kidogo kidogo, na siku nyingi kimbia kwa mwendo wa kuweza kuongea. Msichana, weka alama ya siku zako kwenye daftari lako. Mvulana, ukichoka wiki nzima bila sababu, sema. Na mtu akikwambia upunguze kilo ili uruke, muulize amesomea wapi.

Nikufungie kwa hili. Kaunta buku langu limebaki kurasa chache, nitanunua jingine. La zamani sitalichoma, hata zile kurasa za 2022. Ukiwa umejiona ndani yake leo, usisubiri mfupa upige kelele. Kabla hujalala usiku wa leo, mwambie mtu mmoja. Mmoja tu anatosha kuanzia.

Nawatakia masomo mema na mbio njema. Kengele ya chakula imelia. Nendeni mkale.